Kazi Yangu Kinywani mwa Mwingine

Kosa langu la mwanzo lilikuwa mizani. Niliazima mizani ya mama, ile anayopimia ndakala, dagaa wa ziwa letu, sokoni, nikahakikisha kwamba mikebe yangu mitatu ina uzito mmoja, bila punje kuzidi wala kupungua. Niliona fahari sana. Ilibidi nikae juma zima shambani, kwenye bonde la Lukuga, nikisikiliza watu wengine wakisema, ndipo nikaelewa kwamba pale nilipokuwa makini kuliko pote ndipo nilipoharibu.

Mimi ni mtengenezaji wa saa na redio karibu na stesheni ya Kalemie. Wazazi wangu ni watu wa kaskazini ya ziwa. Waliteremka huku na nyavu zao nikiwa mdogo, na katika kuhamahama huko shule ikaniponyoka. Fizikia nilijifunza mwenyewe, kwa vitabu vya Kifaransa vilivyokuwa kwenye kabati la parokia, ambavyo panya walikuwa wamekwisha kuvionja pembeni. Kujifunza peke yako kuna ugonjwa wake. Hakuna mwalimu wa kukuambia "basi, inatosha, geuza ukurasa", kwa hiyo hugeuzi. Nilikuwa narudia sura moja mpaka niijue pamoja na makosa ya mpiga chapa. Hesabu nikiikosea katikati sikuifuta; nilichana karatasi nikaanza upya kabisa, kama mtu aliyekanyaga tope akarudi nyumbani kuoga mwili mzima.

Sura iliyonikwamisha ilihusu uzito. Vitabu vinasema kila kitu kina uzito kwa namna mbili. Kwanza, ardhi inakivuta chini. Pili, chenyewe kinakataa kusukumwa: ukitaka kukitoa kilipo, kinakubishia. Hizo ni tabia mbili, na mtu angetegemea kila moja iende njia yake, kwa maana hakuna anayeshangaa mtu mrefu akiwa na sauti ndogo. Lakini vitabu vinasema zinalingana daima, kwa jiwe, kwa chuma, kwa pamba, kisha vinaingia katika mambo mengine. Kwa nini zilingane, hawasemi. Mimi nilishindwa kuingia katika mambo mengine.

Kuna njia rahisi ya kujaribu. Tundika vitu viwili kwa nyuzi za urefu mmoja, vivute kando, viachie pamoja. Kama tabia zile mbili zinalingana kweli, vitapembea pamoja, hata kimoja kikiwa mbao na kingine chuma. Kama hazilingani, kimoja kitabaki nyuma. Nikatafuta mikebe mitatu midogo ya maziwa ya unga. Wa kwanza nikatia unga wa muhogo, wa pili simenti ya Kabimba, wa tatu ule mchanga mweusi wenye madini ya bati, unaotoka Manono. Nikaitundika kwa uzi wa nailoni wa wavuvi. Nilijua nailoni hurefuka ikibeba mzigo, na mzigo mkubwa huirefusha zaidi. Ndiyo sababu nikataka mizigo yote iwe sawa, ndiyo sababu ya mizani. Unga ulijaza mkebe mpaka juu. Simenti na bati, kwa uzito uleule, havikujaza, basi nikashindilia karatasi juu yake ili visichezecheze, nikafunga vifuniko na kuvizibia kwa nta.

Mkebe wa unga ukatangulia, wa simenti ukachelewa, na wa bati ukabaki nyuma ya wote. Nikabadilisha nyuzi, nikabadilisha boriti, nikangoja siku zisizo na upepo wa ziwa. Ukabaki nyuma vilevile. Ninakiri nilichofikiri: nilifikiri nimeona kitu ambacho Wazungu na vyombo vyao vyote hawakukiona. Nilifikiri hivyo kiangazi kizima na masika yaliyofuata, wala sikumwambia mtu.

Aliyeiona mikebe mara ya kwanza alikuwa profesa mmoja, mwenyeji wa Kalemie anayefundisha Lubumbashi, aliyekuja likizo na kuleta redio ya mama yake. Alisimama mlangoni katika koti lake la abakosi la kijivu, akatazama nyuma yangu, kule kwenye chumba cha ndani.

"Weye njo ulitundika ile mikebe?" akauliza. "Njo" ya kwetu ndiyo "ndiye" ya vitabuni.

"Ndiyo, Papa."

"Unatafuta nini?"

Nikamweleza, nikijikwaa kwenye kila sentensi. Alipita ndani bila kungoja kukaribishwa, akachuchumaa, akaitazama ikipembea.

"Ulionyesha nani?"

"Hakuna mutu, Papa. Haijawa tayari."

"Tangu wakati gani haiko tayari?"

"Tangu kiangazi kile kingine."

Akacheka kwa pua. "Basi itaoza. Utakuja nayo shambani."

Shamba lenyewe ni la pamba, la zamani, lenye nyumba kubwa ambayo sasa haina mkulima. Kila kiangazi profesa huwakusanya pale watu wachache, wa kuenea meza moja ndefu: walimu wa sekondari, mainjinia, vijana wawili watatu wa chuo kikuu. Huzungumza mizizi ya fizikia, yale maswali yaliyo chini ya hesabu, na huzungumza pia namna ya kufanya utafiti bila kujidanganya. Kwa hilo la pili wana desturi moja ambayo, niliposimuliwa, nilitamani kusema naumwa. Shambani hakuna anayeeleza kazi yake mwenyewe. Mwingine anapewa, anakaa na mwenye kazi siku mbili, kisha anaieleza mbele ya wote kwa maneno yake. Mwenye kazi ananyamaza mpaka mwisho.

"Muntu akisema kazi yake," profesa aliniambia, "anaruka pale panateleza, sababu anapajua. Mwingine hapajui. Atajikwaa. Siye tunataka tuone pale anajikwaa."

Na siku ya mwisho huchagua swali moja, ambalo kila mmoja atalifanyia kazi kwake mpaka kiangazi kingine. Nilitaka liwe langu. Kusema kweli nilitaka zaidi ya hapo: nilitaka watu wenye diploma waseme kwamba mimi, nisiye nayo, nimeona vizuri. Nikaapa moyoni kwamba kazi ile ikianguka nitarudisha vitabu vyote parokiani, nibaki na redio. Sikuwa natania. Nilikuwa nimekwisha kufikiria hata namna ya kuvifunga.

Tulipanda treni asubuhi, tukashuka kwenye kituo kidogo cha njiani, tukaenda kwa miguu, mabegi yetu yakibebwa kwa baiskeli. Mikebe nilikataa kuiweka kwenye baiskeli. Niliizungushia kitenge cha mama nikaipakata ndani ya treni njia nzima. Mbele yangu alikaa injinia mmoja wa umeme, aliyefanya kazi miaka mingi kwenye bwawa la Piana-Mwanga, mtu mwembamba mwenye ulimi mrefu.

"Fundi, uko na mutoto muchanga pale?"

"Hapana, Papa. Ni mikebe."

"Basi umunyonyeshe, tusije tukasikia kelele."

Ninapokumbuka shamba lile, nakumbuka kwanza utulivu. Asubuhi ukungu ulikaa juu ya mto kama maziwa yaliyosahauliwa kwenye sufuria, halafu jua likaunywa. Tulikunywa chai kwa viazi vitamu. Mchana bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo na migebuka iliyokaushwa, iliyotoka ziwani pamoja nasi katika kikapu kimoja na tablo ya kuandikia kwa chaki tuliyoazima shuleni, hivyo juma zima tablo ilinukia samaki. Chumba nilicholala kilikuwa ghala la mbegu za pamba, na mbegu chache zilikuwa bado kwenye nyufa za sakafu. Watu walibishana mpaka mate yakaruka, kisha wakapeana chumvi. Sikuwa nimewahi kuona ubishi usioacha kidonda.

Siku ya pili alikuja mkubwa wa lokalite, yaani wa kijiji kile, kwa baiskeli, kutaka kujua mkutano huu ni wa nini. Profesa alimwonyesha ruhusa, lakini yeye akasema karatasi ameiona, sasa anataka kusikia kwa masikio yake. Akapewa kiti. Wakati huo alikuwa akisema Mama mwalimu wa fizikia kutoka Kabalo, mwanamke wa mabega mapana, anayeanza kucheka kabla sentensi yake haijaisha. Alikuwa akieleza ile tabia ya pili ya uzito kwa behewa la mzigo.

"Pale kwetu Kabalo wagoni ikijaa, reli njo inaibeba. Weye huinyanyue hata kidogo. Basi sukuma. Mbona unatoka jasho?"

"Sababu ya grisi," akasema injinia. "Grisi yenu ya Kabalo ni ya wakati wa babu."

"Tia grisi mupya, Papa. Tia ile unataka. Bado itakubishia kuanza. Na ikisha kuanza, itakubishia kusimama."

Mkubwa wa lokalite akainua mkono kama mwanafunzi. "Na ikiwa haina kitu ndani?"

"Inabisha kidogo tu."

"Basi ni muzigo njo unabisha. Haiko wagoni."

"Njo vile," profesa akasema, akamgeukia kwa heshima kamili. "Sasa tusaidie, Papa. Muzigo ule unavutwa chini na udongo. Halafu unabisha ukisukumwa. Ukiongeza kuvutwa mara mbili, kubisha nako kunaongezeka mara mbili, sawasawa kabisa, kwa kila kitu. Nani aliwaambia wapatane?"

Yule bwana aliinuka, kofia mkononi. "Hiyo mutamuuliza Mungu," akasema. "Mimi nitaandika ya kama munazungumza mambo ya wagoni." Akala nasi, akapanda baiskeli yake, na hakurudi.

Mama mwalimu ndiye aliyepewa kazi yangu. Tulikaa barazani, mikebe mezani kati yetu. Nilikuwa nimejiandalia maneno kwa majuma, nikayatoa yote kwa mpangilio.

"Sema tena," akaniambia. "Lakini usisome."

"Sisome, Mama."

"Unasoma. Kitabu kiko mu kichwa."

Nikasema tena, vibaya, naye akaandika. Akauliza juu ya boriti, juu ya fundo la uzi, juu ya upepo. Alikuwa na subira ya mtu anayechambua mchele. Halafu akanyoosha mkono kwenye mkebe wa bati, ukucha wake ukagusa nta ya kifuniko.

"Hapana, Mama, tafadhali," nikasema, na bila kufikiri nikauvuta mkebe kwangu. "Punje ikimwagika, uzito unaharibika. Nilipima siku tatu."

"Basi mimi nitasema kitu sikuona?"

"Nitakuambia kila kitu kiko ndani. Bati, na karatasi ya kuizuia. Ni vile tu."

Alinitazama kama anavyotazamwa mwanafunzi anayefunika karatasi yake kwa mkono ili jirani asinakili. Hakulazimisha. Aliandika jambo fupi, akaniuliza kama mama yangu mzima.

Asubuhi yangu ilifika. Tulitundika mikebe kwenye boriti la baraza, na kabla ya kuiachia, profesa alimtaka kila mtu aseme kwa sauti anategemea kuona nini. Hiyo nayo ni desturi yao, ili baadaye mtu asije kusema nilijua. Karibu wote walisema mikebe itakwenda pamoja. Injinia alisema itakwenda pamoja mpaka ichoke. Mimi nilikuwa mwisho wa benchi, mdomo umefungwa na sheria.

Mama mwalimu akaiachia. Mwanzoni ilikwenda pamoja kama askari. Halafu mkebe wa bati ukaanza kuchelewa, kidogo, kisha waziwazi, mpaka wakati ule wa unga unakwenda huku yeye alikuwa anatoka kule, na wa simenti ukifuata katikati yao. Kijana mmoja wa chuo kikuu alisimama, akaenda karibu. Profesa alivua miwani. Kwa pumzi chache nilikuwa mtu mkubwa, na sitaficha kwamba ilikuwa tamu.

"Sasa nitaeleza," akasema Mama mwalimu. "Uzito ni moja kwa yote. Alipima na mizani ya soko, nasadiki. Urefu ni moja. Toka boriti mpaka kifuniko, nilipima mimi mwenyewe." Akachora uzi kwenye tablo, na mkebe mwishoni mwake. "Lakini uzi haupembei peke yake. Kile kinapembea ni muzigo. Basi urefu wa kweli ni toka boriti mpaka pale muzigo unakaa. Mu mukebe ya unga, unakaa hapa." Akaweka kidole katikati ya mkebe wa unga, kwa sababu ulikuwa umejaa. Kisha akaupelekea kidole mkebe wa bati, na kidole kikatangatanga, juu, katikati, chini, kikasimama hewani.

"Hapa nimejikwaa," akasema. "Sijue muzigo unakaa wapi. Sikuona ndani."

Wote wakageuka kwangu. Sheria ilinizuia kusema, lakini haikunizuia kukataa; kutikisa kichwa kungetosha, mkebe ungebaki umefungwa, na mimi ningerudi Kalemie na ushindi wangu na nta yake. Nilikuwa nimekwisha kuelewa. Nilielewa pale kidole kilipotangatanga, kabla ya mtu mwingine yeyote, na moyo ulianguka kama ndoo iliyokatika kamba kisimani. Nikamwitikia kwa kichwa. Fungua.

Alibandua nta kwa kisu cha mkate. Karatasi ikatoka, na nyingine, na nyingine, nilikuwa nimeshindilia vizuri. Akauinamisha mkebe ili watu waone. Chini kabisa, kwenye kitako, kulikuwa na tabaka la mchanga mweusi, lisilozidi unene wa kidole.

Injinia akachungulia. "Bati yetu ya Manono," akasema, "imelala chini kama mulevi."

Wakacheka, na mimi nilikuwa sijui niuweke wapi uso wangu. Jambo lenyewe mtoto angelielewa. Uzito uleule wa bati ni kiasi kidogo tu, unakaa chini. Uzito uleule wa unga unajaza mkebe, unakaa juu zaidi; simenti iko kati yao. Uzi wa bati ulikuwa mrefu kuliko wa wenzake bila mimi kujua, na kamba ndefu hupembea polepole, kila aliyepanda bembea anajua. Laiti nisingepima. Laiti ningejaza tu mikebe yote mitatu mpaka juu, ovyo, kama mama anavyojaza kopo la ndakala akimpenda mteja.

Sasa ilikuwa zamu yangu kusema. Nilisimama. Nilikuwa na hotuba ya ushindi na sikuwa na nyingine.

"Niliogopa uzi utarefuka," nikasema. "Muzigo ukiwa muzito, nailoni inarefuka. Njo maana nilisawazisha."

"Na ungepima uzi ukiwa umebeba?" injinia akauliza. Hakuwa na mzaha safari hii. "Unatundika kwanza. Uache urefuke vile unataka. Halafu njo unapima, na kufunga fundo."

Kiangazi na masika, na hilo halikuwa limenijia.

"Basi kazi imeanguka," nikasema.

"Jibu njo limeanguka," profesa akasema, akiirudisha miwani yake.

"Na bukari inapoa," akasema Mama mwalimu. "Tukule."

Sikula. Nilikwenda mtoni na sahani za asubuhi, nikaziosha ingawa zilikuwa zimekwisha kuoshwa. Mama mwalimu alinifuata na sahani yake mkononi, akakaa juu ya jiwe, akawa anakula huku akitazama maji.

"Mama, niliapa ya kama ikianguka nitaacha. Nitarudisha vitabu."

"Uliapa mbele ya nani?"

"Peke yangu."

"Basi hakuna shahidi." Akaondoa mwiba wa samaki kutoka kwenye kidole. "Ulijua kabla yangu. Nilikuona. Mbona ulikubali nifungue?"

Nilitaka kutoa jibu zuri, lenye heshima, na halikuja. "Nilitaka kujua kama ni vile kweli," nikasema.

"Ah," akasema, kana kwamba nimemwambia bei ya chumvi. "Basi tukatundike tena, jua lingali."

Alasiri ile tulijaza mikebe mitatu mpaka ukingoni. Bati na simenti tulizokuwa nazo hazikutosha, lakini injinia alikuwa ameleta mifuko ya vyote viwili kwa ajili ya maonyesho yake, akaitoa akilalamika. Nilichukua kisu ili nisawazishe unga juu, ulale kama meza, na Mama mwalimu akakichukua mkononi mwangu bila neno, akapapasa unga kwa kiganja, pah, ikatosha. Mkebe wa bati sasa ulikuwa mzito hata nailoni ikalia. Tukaiacha irefuke. Injinia akapima kuanzia boriti mpaka katikati ya kila mkebe, akafunga mafundo.

Tukaachia.

Watu walikuwa wameleta viti, wengine na sahani za kiporo. Mikebe ikaenda, ikarudi. Tukangoja mmoja ubaki nyuma. Mtu alikohoa, mtu akanong'ona "bado", chai ikaletwa, na ile mikebe ikaendelea kwenda na kurudi pamoja, mwendo ukipungua ukubwa lakini haupotezi hatua, mpaka ikawa inatikisika tu kama watu wanaotaka kulala.

Nilikuwa nimetamani kwa muda mrefu ivunje mwendo. Ilipopatana, nilipata raha ambayo sikuwa nimeiandalia mahali. Unga wa jikoni kwetu, jiwe la Kabimba lililochomwa na kusagwa, na mchanga mweusi ambao watu wa Manono wanauchimba kwa jasho: havina ukoo, havijuani, kimoja unakila, kingine unajengea, na vyote vinatii kipimo kimoja. Vitabu vilikuwa vimesema. Lakini kusoma kwamba mgeni atafika si sawa na kumfungulia mlango.

"Kwa nini?" nikamuuliza profesa, na safari hii sikujali Kifaransa changu wala Kiswahili changu. "Kwa nini vinapatana, Papa?"

"Kuna wale wanasema ni sababu kuvutwa na kubisha si vitu viwili, ni kitu kimoja tunakiita majina mawili. Inasaidia. Lakini ukiuliza tena kwa nini, hata mimi sijue." Akakiweka kikombe chini. "Nafundisha hii tangu wewe ungali mutoto, na kila mwaka sijue vizuri zaidi."

Walizungumza jambo hilo mpaka chakula cha jioni, na mimi nilizungumza nao. Nilikosea mara nyingi. Wakati mmoja nilisema kitu cha kijinga kabisa juu ya mwezi, injinia akaniuliza kama nimewahi kuutundika, nikacheka na wengine, na ubishi ukapita.

Siku ya mwisho yaliwekwa mezani maswali kadhaa. Kulikuwa na moja juu ya umeme wa radi, lililotetewa vikali. Injinia ndiye aliyelitaja langu, lakini alikuwa amelikata na kulishona upya.

"Siye tumeona tabia zile mbili hazitofautiane," akasema. "Lakini macho yetu ni ya aina gani? Labda ziko zinatofautiana kidogo, na siye hatuone. Tuulize: tofauti ndogo kabisa ile mikono yetu inaweza kuona, ni ya kiasi gani? Yeye na mikebe yake pale Kalemie, mama pale Kabalo, mimi kwangu. Halafu tuweke pamoja."

Wakaafikiana. Profesa akanitaka niandike namna ya kufanya, ili kila mmoja aende na maelezo yaleyale.

"Nitaleta kwa treni ya mwezi ujao, Papa," nikasema. "Nitayanakili vizuri."

"Hapana. Treni ni ya leo alasiri. Utaandika sasa, na Mama atatueleza tukimaliza kula."

Niliandika kwenye pembe ya meza, katikati ya sahani. Nilifuta mistari, nikachora mshale kutoka chini kwenda juu, nikasahau kutaja kuuacha uzi urefuke kwanza, nikaliongeza pembeni. Kiganja changu kiliacha doa la mafuta ya migebuka. Sikuchana. Mama mwalimu akachukua karatasi, akasimama, akaanza kueleza, na kwenye mstari wa nne akajikwaa: sikuwa nimesema mikebe iachiwe kutoka umbali gani. Kijana wa chuo kikuu akataja pengo lingine. Waliyasahihisha palepale, wakanakili, wakafunga mabegi.

Nilirudi Kalemie na mikebe kwenye baiskeli. Vitabu vya parokia sikuvirudisha. Padre ameniuliza mara mbili.

Mpaka leo bado ni mtu wa wasiwasi. Usiku wa kabla ya kwenda shambani silali vizuri. Kilichobadilika ni kimoja. Kazi yoyote ninayoanza sasa, haimalizi mwezi kabla sijampa mtu mwingine aieleze mbele yangu kwa maneno yake, nami nimenyamaza.